Fomu Ambayo Haipo, na Ng'ombe Watano wa Baba Mdogo

Mwaka 2023 nilimlipa kijana mmoja shilingi 400,000 anijazie fomu ambayo haipo duniani.

Alikuwa na kichumba cha steshenari katikati ya mji, kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi na picha ya ndege ukutani. Nilimwambia naitafuta feloshipu ya Forté, ule ufadhili wa wanawake wanaokwenda kusoma MBA, shahada ya uzamili ya biashara. Akasema anaijua vizuri, ameshapeleka watu wawili. Akajaza ukurasa mmoja, akaugonga muhuri (hata leo sijui ulikuwa muhuri wa nini), akaniambia nisubiri wiki sita. Nilisubiri tisa. Niliporudi kuulizia, kile kichumba kilikuwa kinauza makava ya simu, na binti aliyekuwa ndani hakuwahi kumsikia kijana yule.

Naanza na aibu hii kwa sababu tangu nirudi Mwanza swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo hilo: "Dada, fomu inapatikana wapi?" Haipatikani popote. Forté ni taasisi iliyoanzishwa mwaka 2001 huko Marekani na vyuo vya biashara vikishirikiana na makampuni makubwa, ili wanawake waongezeke kwenye vyuo hivyo na baadaye kwenye uongozi wa kampuni. Lakini anayekuteua kuwa felo ni chuo. Unaomba nafasi ya MBA kwenye chuo kilicho mwanachama wao, na chuo kikiona unafaa kinakuteua, kisha chenyewe ndicho kinachopanga kiasi utakachopata. Wanaangalia uongozi, na wanaangalia pia kama umewahi kuwashika mkono wanawake au wasichana wengine. Vyuo vingine hutaka insha ya ziada, vingine havitaki kitu. Namna ya kujua ni kumwandikia afisa udahili barua pepe. Mimi niliandika baada ya kuliwa laki nne, na nikajibiwa kesho yake kwa mistari minne. Bure.

Wakati huo nilikuwa na miaka saba kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, idara ya ubora. Kama hujawahi kuingia kiwanda cha samaki: ni buti nyeupe, kofia ya kufunika nywele, barafu kila mahali, na kipimajoto mfukoni kama kalamu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha samaki hapati joto tangu anaposhuka kwenye boti mpaka anapoingia kwenye boksi la kwenda Ulaya. Niliipenda. Kilichonisukuma kuondoka ni kwamba mara mbili walipandishwa juu yangu vijana niliowafundisha mwenyewe kushika kile kipimajoto, na mara ya pili bosi aliniambia kwa upole kabisa kwamba nafasi ile inataka "mtu wa biashara". Basi nikaamua kuwa mtu wa biashara.

Mtihani wa GMAT, ule wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara, nilikwenda kuufanyia Nairobi. Ada yake ilikuwa dola 275, bila nauli wala malazi. Nilipanda basi la kupitia Musoma na Sirari, nikashuka asubuhi, nikanawa uso kwenye choo cha kituo cha mabasi na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani, eti naokoa pesa ya gesti. Swali la kumi tayari nilikuwa nasinzia. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Kanuni inataka zipite siku 16 kabla ya kurudia, na kurudia ni kulipa upya, kwa hiyo gesti niliyoikwepa ikanigharimu dola 275 nyingine na basi la pili. Fika siku moja kabla. Na hakikisha jina ulilojisajili nalo linafanana na la kwenye pasi ya kusafiria herufi kwa herufi. Yupo dada nilimwona akirudishwa mlangoni kwa sababu hiyo, na alikuwa ametoka mbali kuliko mimi. Matokeo ya GMAT yanadumu miaka mitano, basi ukiyapata mazuri huna haja ya kukimbia.

Niliomba vyuo vitatu. Viwili vilinikataa. Cha tatu, Uingereza, nje ya London, kilinikubali Machi 2024, na kwenye barua hiyo hiyo, aya ya nne, ikaandikwa kwamba nimeteuliwa kuwa felo wa Forté na robo tatu ya ada imefutwa. Niliisomea jikoni kwetu Kirumba. Mama alikuwa anapepeta dagaa. Nilipomwambia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na ile robo?"

Ile robo ilikuwa pauni 9,500. Juu yake, serikali ya Uingereza ilitaka kuona nina pesa ya kujikimu miezi tisa, ambayo kwa anayesoma nje ya London mwaka ule ilikuwa pauni 9,207. Kwa pauni ya wakati ule, iliyokuwa kama shilingi 3,400, jumla ni milioni 63 na ushee. Nitaandika zilikotoka, kwa sababu watu huona picha za mahafali wakadhani ufadhili umelipa kila kitu. Akiba yangu ya miaka saba, milioni 21. Kiwanja changu cha Kisesa, nilichokiuza kwa haraka na kwa hasara, 17. Mkopo wa SACCOS ya kazini, 12. Kikoba cha mama, 6. Kaka, 2. Na baba mdogo wa Magu aliuza ng'ombe watano, akaleta milioni 6 kwenye bahasha ya kaki, akakataa hata chai. Viza, pauni 490, na ada ya huduma za afya ambayo kwa muda wangu ilifika pauni 1,164, nilikuwa nimeziweka kando pamoja na nauli.

Milioni 64. Nilikuwa nimevuka mstari kwa kama laki nne tu, na hapo ndipo nilipofanya kosa lililoniuma kuliko lile la fomu.

Sharti ni kwamba pesa hiyo ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Siku ya 17 mama aliteleza Mwaloni, soko letu la samaki, kwenye yale mawe yenye magamba, akavunjika mkono. Nilitoa laki sita. Sikufikiri mara mbili, na hata leo ningezitoa. Ila zilikuwepo pesa nyingine, zile za nauli kwenye simu, na sikuzikumbuka. Nilitoa kwenye akaunti iliyokuwa karibu na akili yangu. Salio likashuka chini ya mstari kwa siku tatu, na hesabu ya siku 28 ikaanza upya. Tafadhali, pesa ya viza ifungulie akaunti yake, kadi yake mpe mtu mwenye roho ngumu, na acha nafasi ya kutosha juu ya kiwango, maana shilingi nayo hushuka usiku umelala. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho kwa Watanzania hufanyiwa Dar es Salaam, nacho kina ukomo wa miezi sita, kwa hiyo usikikimbilie mapema mno.

Nilifika chuoni wiki mbili baada ya wenzangu. Wiki hizo mbili ndizo watu walizofahamiana. Walikuwa wameshapanda mlima pamoja, wameshagawana vikundi, wana utani wao. Mafelo wa chuo chetu, tulikuwa 11, walikuwa wamekula chakula cha jioni nyumbani kwa mmoja wao, na picha ya jioni ile ndiyo iliyokuwa picha ya kundi la WhatsApp. Niliingia kwenye kundi nikaandika, "Hamjambo, nimefika," nikapata mioyo sita, na kimya.

Miezi mitatu ya mwanzo sitaieleza sana. Baridi, giza saa kumi jioni, ugali wa unga wa mahindi niliouokota kwenye duka la Wahindi. Nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko wengi darasani na mdogo kwa kila kitu kingine. Walioketi kushoto na kulia kwangu walitoka benki na kampuni za ushauri, wakizungumza kwa vifupisho. Mimi nikisema nimetoka kiwanda cha samaki, watu walitabasamu na kuuliza kama ninakula sushi.

Nilichokitegemea kutoka kwenye feloshipu, nakiri, kilikuwa kitu kama mjomba mwenye cheo: mtu atakayenishika mkono na kunipeleka mahali. Novemba nilikusanya ujasiri, nikaandika kwenye kundi kubwa la mafelo, wa sasa na wa miaka ya nyuma, wa nchi mbalimbali. Nikaeleza nilikotoka, nikamalizia: naomba mnisaidie kupata kazi baada ya masomo. Watu walinijibu kwa adabu. "Karibu sana!" "Utafanikiwa!" "Tuendelee kuwasiliana!" Baada ya hapo, hakuna. Nilikaa wiki nzima nimekasirika. Mkutano wao mkubwa hufanyika Marekani na sikuwa na nauli wala viza ya kufika huko, basi nikajiambia kwamba mtandao huu ni wa wenye nacho, na sisi wa pembezoni tunahesabiwa tu ili picha ipendeze.

Jumapili moja nilimpigia mama, nikamlalamikia.

"Umewaomba nini?" akauliza.

"Nimewaomba wanisaidie kupata kazi."

Akacheka, kile kicheko chake cha sokoni. "Hilo nani ataliweza, mayu? Umemtwisha mtu mzigo ambao hata wewe hujui uzito wake."

Kisha akanieleza jambo ambalo nimeliona tangu utoto bila kulitazama. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na Mwaloni mzigo unakuwa haba. Ndipo wanawake wanapokopeshana. Mama hamwendei mwenzake na kumwambia nisaidie. Anamwambia: niazime ndoo kumi, giza likiingia nakurudishia kumi na moja.

"Anajua ni ngapi, anajua lini," akasema. "Na akikataa, amekataa ndoo kumi. Hajanikataa mimi."

Sikulala mapema usiku ule. Asubuhi niliandika upya kwenye kundi: namtafuta mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye biashara ya vyakula vinavyosafirishwa kwa baridi. Namwomba dakika 20, wiki hii au ijayo. Nina maswali matatu, haya hapa. Nikayaandika. Kabla ya saa sita mchana watu wawili walikuwa wamejibu, na mmoja wao alikuwa miongoni mwa wale wa "Utafanikiwa!". Hakuwa na roho mbaya mwanamke yule. Mara ya kwanza hakuwa na mahali pa kushika.

Tangu hapo niliweka daftari. Nani, nimemwomba nini, amenipa nini, nimemrudishia nini. Hili la kurudisha lilinisumbua, maana nilijiona sina kitu cha kumpa mtu wa benki. Kumbe nilikuwa nacho. Darasani kwetu kulikuwa na dada wa Lima aliyetaka kuelewa jinsi kiwanda kinavyokaguliwa. Nilikaa naye jioni mbili nikamchorea mstari mzima, kuanzia bwalo la kupokelea samaki mpaka chumba cha kugandishia. Yeye akanifundisha mahojiano ya kesi, yale ambayo unapewa tatizo la kampuni ulitatue mbele ya mtu anayekutazama. Tulifanya kesi 14 kwenye meza ya jikoni kwake. Tano za mwanzo nilikuwa nalia nikirudi chumbani. Alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu.

Aliyeubadilisha wasifu wangu ni dada wa Kinigeria, felo wa mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa nimeandika "nilisimamia udhibiti wa ubora". Akauliza kwenye simu: tani ngapi kwa siku? Watu wangapi chini yako? Mzigo ulikataliwa mara ngapi kabla yako, na mara ngapi baada yako? Nikamjibu yote bila kufungua daftari, kwa sababu namba hizo nilikuwa nimelala nazo miaka saba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa nini unazificha?" Kwetu kujisifu ni aibu, nikamwambia. Akasema namba hazijisifu, zinasema tu. Tulikata kurasa tatu zikabaki moja. Cheti cha usafi bora kazini kikaenda. Picha yangu ikaenda, na tarehe ya kuzaliwa, na majina ya wadhamini watatu ambayo sisi huku huyapanga mwishoni hata kabla hayajaulizwa.

Ni yeye pia aliyenichimba mpaka nikamweleza kuhusu baba. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya iliposimamisha kununua samaki wa ziwa letu, baba alikuwa mkata minofu. Nilikuwa darasa la kwanza au la pili. Nakumbuka tu kwamba ghafla alikuwa nyumbani mchana, na visu vyake vimefungwa kwenye gazeti juu ya kabati. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lina uhusiano wowote na mimi kuchagua kazi ya ubora. Unaweza kuona ni upuuzi, mtu mzima kugundua hilo kwenye simu na mgeni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo nilipoulizwa "kwa nini samaki?" nilikuwa na jibu, na watu wakaacha kuniuliza habari za sushi.

Sasa, ukweli wa kazi. Nilipeleka maombi 61 Uingereza. Nikaitwa mara tatu. Sikupata hata moja. Sehemu ya kosa ni yangu: mpaka Februari sikuwa nimemwambia mshauri wa ajira wa chuo kwamba nahitaji mwajiri wa kunidhamini viza baadaye. Nilidhani nikilisema mapema ataniona mzigo. Nilipolisema, alifungua orodha ya serikali ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni, iko wazi kwa kila mtu, na tukagundua kwamba zaidi ya nusu ya nilikokuwa nimeomba hakumo. Kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza ya kazi nacho kilikuwa kimepandishwa Aprili 2024 hadi pauni 38,700 kwa mwaka. Mhitimu wa wakati ule aliweza kubaki miaka miwili kwa viza ya wahitimu, na wapo waliofanikiwa hivyo. Mimi nilipiga hesabu ya kodi ya chumba dhidi ya deni la SACCOS, nikaona haiendi.

Kazi niliyonayo ilitoka kwenye zile dakika 20. Mmoja wa wale wawili waliojibu Novemba ni Mkenya anayeishi Nairobi, felo wa zamani. Nilizungumza naye mara nne kwa mwaka mzima, kila mara kwa swali lenye mpaka, na kila mara nilimwandikia baadaye kumweleza ushauri wake niliufanyia nini. Mei aliniandikia yeye. Kuna kampuni ndogo Kisumu inayowauzia wavuvi barafu na kuwakodishia vyumba vya baridi, inataka kuanza upande wa Tanzania. Wanamtafuta mtu anayejua samaki na anayejua vitabu. Hakunipa kazi, alinipa jina la mtu wa kumpigia, na akamwambia mtu huyo asubiri simu yangu. Mahojiano yalikuwa matatu, na moja lilikuwa kesi. Nilitaka kumpigia yule wa Lima nikiwa katikati yake.

Mshahara haufiki nusu ya ule niliokuwa nimeuota nikiuza kiwanja. Nasema hivi kwa dada yeyote anayepima: kama kazi uliyonayo inakulipa na unachokitaka ni cheti tu, kiwanja chako kiache. MBA haikunifanya tajiri. Lakini siku hizi ndani ya mwezi mmoja nakaa meza moja na wenye boti wa Ukerewe na maafisa wa benki, na pande zote mbili wananiita "dada" kwa sauti ile ile.

Wiki iliyopita nilikwenda Sengerema kuangalia eneo la chumba cha baridi. Nilipoondoka nchini, Kigongo ilikuwa ni foleni ya kivuko, mahindi ya kuchoma na kuomba Mungu. Sasa kuna daraja mpaka Busisi, kama kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025 nikiwa bado chuoni. Nilivuka kabla hata sijamaliza kumsimulia dereva nilivyokuwa nalala pale. Jioni nikapitia Magu.

Deni la SACCOS limebaki milioni 7. Kikoba cha mama nimemaliza. Ng'ombe wa baba mdogo nimerudisha wawili. Yeye anasema hana haraka, lakini nimekataa kuliacha hewani namna hiyo: wa tatu namletea Juni, baada ya mavuno, na tumepatana awe ndama jike.